Siku Zenobi Toulon Alipokosa Kupiga Kura

Asubuhi ya uchaguzi wa mwaka 1961, Zenobi Toulon alikuwa jikoni kwa mama yake tangu kabla jua halijachungulia juu ya mlima, akimenya magimbi na ndizi mbichi za kuwalisha mawakala wa kaka yake. Huyo kaka, Alcide, alikuwa anagombea kiti cha ubunge cha Fon Kasav, jimbo lililochukua jina la kijiji chao, kwa tiketi ya chama cha Kofia. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kwanza bondeni kumiliki redio, na alipokuwa akisoma waraka kanisani ungedhani Mtume Paulo ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Aliyeshindana naye ni Bwana Ferrol wa chama cha Taa, mwenye shamba la ndimu, ambalo nusu ya watu wa jimbo walikuwa wanakula kwa kulitumikia.

Kiti kile Alcide alikuwa amekililia kwa muda mrefu. Mwaka 1951, watu wote walipopewa haki ya kupiga kura kwa mara ya kwanza, masikini kwa tajiri, mwenye kusoma na asiyejua hata herufi, Fon Kasav walimchagua baba yake Ferrol. Mara ya pili wakamchagua mzee huyohuyo. Mzee alipofariki wakamchagua mwanawe, na safari hiyo Alcide aliangushwa kwa kura mia moja na arobaini. Wazee wenyewe walikuwa wakikiri, wakicheka, kwamba jimbo lao halijawahi kumchagua mtu asiye na farasi.

Lakini mwaka ule upepo ulikuwa umegeuka. Watu walikuwa wameanza kupanda ndizi zao wenyewe, na meli ya ndizi ilikuwa inakuja kila wiki. Mtu mwenye ndizi zake haogopi sana mnyapara wa mtu. Alcide alijua hivyo, na chama chake kilijua, na Bwana Ferrol naye alijua, ndiyo maana mwezi mzima alikuwa anapita kijiji hadi kijiji na pipa la rum.

Zenobi mwenyewe hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ilikuwa ukunga. Mumewe alikwenda Aruba kwenye kiwanda cha mafuta, akaandika barua mbili, na ya tatu akaiandika mwanamke mwingine. Zenobi aliisoma mara moja, akaitumia kuwashia moto, kisha akateremka Lans Nwè, kijiji cha pwani, kumwomba nesi wa zahanati amfundishe kazi. Miaka minane ilikuwa imepita. Nusu ya watoto waliokuwa wanakimbia vumbini Fon Kasav walikuwa wamepitia mikononi mwake, wa Kofia na wa Taa.

Saa nne hivi mtu alibisha hodi. Visu vyote vikasimama, maana alikuwa Hilaire Bonnard, mnyapara wa Bwana Ferrol na wakala mkuu wa Taa kule Tèt Mòn, kijiji cha juu kabisa. Wiki mbili tu nyuma Hilaire alikuwa amepanda juu ya pipa mbele ya duka la rum, akaimba mbele za watu kwamba Alcide Toulon ni sindano isiyo na uzi. Sasa alikuwa amesimama mlangoni, shati limemganda mwilini kwa jasho, matope hadi magotini.

"Dada Zeno," alisema, bila kumtazama mtu mwingine. "Ni Odile wangu. Uchungu umemshika tangu alfajiri. Kimetoka kimguu. Si kichwa, dada, ni mguu."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Nesi?"

"Nesi yuko mji mkuu, Roseau, tangu Jumatatu. Nimetoka kwake sasa hivi."

Mmoja wa mawakala wa Kofia alipiga kofi paja lake. "Ama hawa watu wa Taa hawana haya! Siku zote miguu imetulia, leo ndiyo inatoka?"

Zenobi alikuwa ameshaanza kunawa mikono na kuvua aproni. Alijua mguu mmoja una maana gani. Alikuwa amekutana nao mara tatu, na mara moja kati ya hizo tatu alirudi nyumbani akiwa amebeba mkoba wake kama mtu aliyebeba jiwe.

Alcide aliingia kutoka uani, tai shingoni. "Zeno, na kura yako?"

"Shule iko njiani, kaka. Nitapiga nikipita."

"Piga kwanza, ndiyo upande. Usiniache."

"Nimekwambia nitapiga."

Mama yao, Ma Loiz, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na meko. Kidole chake kilikuwa tayari chekundu kwa wino, maana alikuwa wa kwanza kufika kituoni asubuhi ile. Aliwatazama wanawe kwa zamu, kisha akakoroga chungu.

Foleni ilikuwa imetoka mlango wa shule, ikazunguka kisima, ikafika hadi ukuta wa kanisa. Zenobi alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Eustace, msimamizi wa kituo, mtu ambaye hata mvua alikuwa anaitaka inyeshe kwa mujibu wa kanuni.

"Foleni ni foleni, Zenobi," alisema mwalimu, na sauti yake haikuwa na ubaya. "Wenzako wakikupisha, mimi sina neno. Wasipokupisha, sina uwezo."

Basi Zenobi akawageukia watu. "Jamani, nipisheni. Kuna mama anazaa kule juu, na mtoto ametanguliza mguu."

Watu wa Kofia wakajisogeza. Lakini waliokuwa mbele kabisa walikuwa wanawake wa mabanda ya ndimu, watu wa Bwana Ferrol, na wao hawakutikisika.

"Tangu saa moja nipo hapa," alisema mmoja. "Na mimi nina miguu."

"Mpisheni!" Hilaire alipaza sauti. "Ni mke wangu huyo anayezaa! Mpisheni apige aondoke!"

Ma Sidoni, mwanamke mnene aliyekuwa wa pili kutoka mlangoni, alimgeukia taratibu. "Hilaire, si wewe jana ulituambia tusimpishe mtu wa Kofia hata akija amebeba jeneza?"

Foleni yote ikacheka, Taa kwa Kofia. Hilaire hakucheka. Alikuwa anatafuna midomo, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Zenobi alihesabu vichwa vilivyokuwa mbele yake, akaangalia mlima. Njia ya Tèt Mòn ilikuwa ya miguu tu, saa moja na nusu kwa mtu mwenye pumzi. Nyuma yake Alcide alikuwa amefika, akasimama kando ya kisima, mikono nyuma.

Wakatazamana. Alcide alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema: subiri.

Zenobi alijifunga kitambaa chake upya kichwani, akachukua mkoba, akaanza kupanda.

*

Mtoto alizaliwa saa tisa na nusu. Ilibidi Zenobi auingize mkono na kuutafuta mguu wa pili, huku Odile amemuuma Hilaire begani hadi damu ikatoka, na mama mkwe akisali rozari kwa sauti ya juu kiasi kwamba Zenobi alimwambia, "Mama, Bikira Maria si kiziwi." Mtoto alitoka amepauka kama mshumaa. Zenobi alimpulizia, akamsugua mgongo, akamchapa nyayo. Kilio kilipotoka kilikuwa chembamba, halafu kikanenepa. Msichana.

Alipomaliza kumfunga kitovu na kuhakikisha damu ya Odile imetulia, saa kumi ilikuwa imekwisha pita. Vituo vilikuwa vinafungwa saa kumi na moja. Zenobi aliteremka mlima ule mbio, akajikwaa kwenye mizizi, akapoteza kiatu kimoja mtoni na hakurudi kukitafuta. Alipotokeza kwenye ukuta wa kanisa, Mwalimu Eustace alikuwa ameshafunga mlango. Dakika kumi na tano zilikuwa zimepita.

Hakwenda nyumbani. Alikaa chini ya dirisha la shule pamoja na watu wengine, wakisikiliza mwalimu akisoma karatasi moja moja: Taa, Taa, Kofia, Taa, Kofia, Kofia. Baadaye masanduku ya Lans Nwè na Tèt Mòn yakaletwa, yakajumlishwa. Kura saba zilikuwa zimeharibika, mojawapo mtu amechora samaki. Wakahesabu tena. Wakahesabu mara ya tatu. Kisha Alcide akatoka nje, akashuka ngazi, tai yake ingali imenyooka.

Ma Loiz ndiye aliyeuliza kwanza, na hakuuliza habari za kura. "Zeno, mtoto gani?"

"Wa kike, mama. Wazima wote wawili."

"Mungu asifiwe."

Alcide alisimama mbele ya dada yake. Gauni la Zenobi lilikuwa na madoa, na mguu mmoja ulikuwa mtupu.

"Taa, mia sita na kumi na mbili," alisema. "Kofia, mia sita na kumi na moja."

"Hongera, mkunga," alisema Alcide, akampita.

*

Mtu akishindwa kwa kura mia, lawama hugawanywa, kila mmoja akapata kipande chake. Kura moja haigawanyiki. Hakuna aliyemlaumu aliyechora samaki. Hakuna aliyemlaumu binamu Ferdinand, mtu wa Kofia wa kufa na kuzikana, aliyelala usingizi wa rum chini ya mti wa shelisheli kuanzia saa sita hadi saa mbili usiku. Zenobi alijaribu kueleza mara moja, dukani: kura yake ingeleta sare tu, na sare ingekwenda kuamuliwa na wakubwa wa serikali kule Roseau, na nani asiyejua wakubwa wa Roseau walikuwa wanakunywa chai kwa nani? Walimsikiliza. Alipotoka tu akasikia nyuma yake, "Maneno mengi ni ya mwenye kosa."

Ukazuka uvumi kwamba uchungu wa Odile ulikuwa wa kuigiza. Ukazuka mwingine kwamba Hilaire alimpa Zenobi mbuzi. Yule msichana wakamwita Ti Vòt, kijikura, na jina likamganda hata kanisani. Kuna wanawake wa Kofia waliokuwa wakimpita Zenobi njiani huku wakimuuliza kwa sauti tamu, "Dada Zeno, leo unapokea mtoto au unapokea zawadi?" Wengine wakaacha kumwita, wakawa wanateremka Lans Nwè na matumbo yao kwa nesi, mvua ikinyesha.

Hayo aliyavumilia. Lililomkata maini ni ukimya wa Alcide. Walikuwa wamelelewa kitanda kimoja. Yeye ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kutumia karatasi za mitindo ya nguo. Sasa wakikutana mlangoni mwa kanisa, Alcide aliinua kofia yake kwa heshima zote, kama anavyomwinulia mke wa hakimu, na kupita. Afadhali angemtukana.

"Zungumza naye, mama," Zenobi alimwomba Ma Loiz. "Wewe anakusikia."

"Mwache," alisema mama yake, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa anachagua. "Yatapita."

Mwaka wa pili mke wa Alcide, Verna, alikuwa mjamzito. Siku zake zilipotimia, Alcide alituma mtu Lans Nwè kumwita nesi. Nesi akachelewa, mto ulikuwa umejaa. Adhuhuri Verna alitoka mwenyewe hadi kizingitini, ameshika kiuno kwa mikono miwili, akamwita mtoto wa jirani. "Kamwite wifi yangu."

"Verna," alisema Alcide.

"Nini?"

"Nesi yuko njiani."

"Alcide Toulon, sikiliza nikwambie. Mimi sizai kwa chama. Kofia yako haitanishika mkono. Kamwite Zeno!"

Zenobi alifika mbio, akampita kaka yake kwenye ngazi. Ilikuwa kazi rahisi, mtoto wa kiume mwenye sauti. Verna alicheka na kulia kwa pamoja. "Wifi," alinong'ona, "huyo mume wangu ni mjinga, lakini usiku nikiamka namkuta amekaa dirishani anatazama huko kwako. Usimkatie tamaa."

Alipotoka, Alcide alikuwa bado kwenye ngazi. Akasimama. Zenobi akangoja. Alcide aliinua kofia yake, akasema, "Asante kwa kazi," kwa sauti ya kumwambia mteja kwamba suruali iko tayari. Asubuhi yake Zenobi alikuta mlangoni pake kikapu cha magimbi na jogoo amefungwa miguu. Alimchinja jogoo yule, akamla peke yake.

*

Mwaka 1966 Alcide aligombea tena, akaangushwa kwa kura mia mbili. Zenobi alikuwa wa kwanza kwenye foleni siku ile. Hakuna aliyemsifu.

Miaka miwili baadaye Ma Loiz aliugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na Zenobi, aliyezoea kuwapokea wanaoingia, alijua pia sura ya wanaotoka. Alihamia kwa mama yake. Alcide alikuwa akija asubuhi, Zenobi akitoka kwenda mtoni kufua. Hivyo ndivyo walivyogawana.

Alasiri moja, amemaliza kumpaka mama yake mafuta, Ma Loiz alimshika kiganja.

"Zeno, ule mwaka wa kura moja."

"Achana nao, mama. Pumzika."

"Nimepumzika vya kutosha. Mimi nilimpigia Ferrol."

Zenobi alidhani homa ndiyo inayosema. Aliweka mkono juu ya paji la uso la mama yake. Lilikuwa baridi.

"Akili zangu zipo," alisema Ma Loiz. "Niliweka msalaba kwenye Taa. Sikujua kusoma lakini taa naijua."

"Kwa nini, mama?"

Mwanamke yule mzee alikusanya pumzi. "Alcide angekwenda Roseau. Baba yako alikwenda Roseau kwa safari ya siku tatu, na barua ya malalamiko ya watu wa shamba, akarudi baada ya miezi sita, hana meno ya mbele na hana ucheshi. Nikaogopa. Na tena, niseme ukweli, mimi ningebaki na nani? Wewe uko njiani kila siku." Akameza mate. "Lakini sikutaka ashindwe, Zeno. Haki ya Mungu nilidhani atashinda kwa mia. Nilisema, moja yangu haitamwumiza. Nilitaka tu Mungu ajue kwamba sipendi."

Zenobi hakuhitaji karatasi kufanya hesabu ile. Kura ya mama ingehama upande mmoja kwenda mwingine, na Alcide angeshinda, hata bila ya kwake.

"Miaka saba," alisema. "Wananisema miaka saba, na wewe umekaa hapo unachagua mchele."

"Nilikuwa nasema, Zeno ana mgongo mpana."

Zenobi aliinuka, akatoka uani. Alishika nguzo ya banda la kuku kwa mikono miwili, akaitikisa mpaka kuku wakatawanyika. Alitaka kupiga kelele, alitaka kukimbia hadi kwa Alcide na kumvuta kwa ukosi, aje asikie kwa masikio yake. Alifika hadi njiani. Kisha akasikia mama yake akikohoa, kikohozi cha kukwama, akarudi ndani kumwinua.

"Utamwambia?" aliuliza Ma Loiz, kichwa kikiwa begani mwa bintiye.

Zenobi alimlaza, akamfunika. Siku ya nne Ma Loiz alifariki. Wakati wa maziko Alcide alilia hadi akashindwa kusimama, na aliyemshika mkono upande wa pili wa kaburi alikuwa Verna. Zenobi alikuwa na maneno mdomoni siku ile, na wiki ile, na mwaka ule. Kila alipotaka kuyasema aliona jinsi Alcide alivyokuwa akipeleka maua kaburini kila Jumapili, akiwa amevaa suti aliyoishona kwa ajili ya siku ya kuapishwa.

Mwaka 1970 Alcide alishinda. Kwa kura tisini na mbili. Walimbeba mabegani kutoka Fon Kasav hadi Lans Nwè kwa ngoma na baragumu za makombe ya baharini, mtu wa kwanza wa jimbo lile kukaa katika Bunge bila ya kuwa na farasi, na Hilaire Bonnard, ambaye Ferrol alikuwa amemfukuza kazi, alikuwa mmoja wa waliombeba. Zenobi alitazama msafara kwa mbali, kutoka dirisha la Odile kule Tèt Mòn, mtoto wa nne wa Odile mikononi.

Hakuwa mbunge mbaya. Aliichonga barabara ya Tèt Mòn, maiti na wajawazito wakaacha kubebwa kwa machela. Lakini Roseau ilimfanyia ilivyomfanyia. Alianza kunywa. Alianza kusema "watu wangu" kwa namna ambayo watu wake hawakuipenda. Alipokuja kijijini alikaa garini, kioo chini nusu. Mwaka 1975 walimwangusha kwa kura zaidi ya mia tatu, na waliomwangusha wengi walikuwa wa Kofia. Alirudi kwenye cherehani. Hakuna aliyemcheka usoni, na hilo lilimwuma zaidi.

*

Kimbunga David kilipiga mchana wa tarehe ishirini na tisa Agosti, mwaka 1979. Kilipopita, hapakuwa na jani juu ya mlima. Ulikuwa kama kuku aliyenyonyolewa. Nyumba ya Alcide iliondoka na paa, kuta na cherehani. Nyumba ya Zenobi, ya mawe, ndogo kama sanduku, ilibaki na nusu ya paa lake.

Kesho yake asubuhi aliwaona wakija njiani, Verna mbele na sufuria, Alcide nyuma na kiti kimoja alichokiokota sijui wapi. Alcide alisimama pale palipokuwa na uzio. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na siku ile alionekana wa sabini.

"Zeno," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina hilo tangu siku ya foleni. "Hatuna pa kwenda."

"Kwani nimekuuliza?" alisema Zenobi. "Ingia, kiti hicho kilete, mimi kimoja tu ndicho kilichobaki."

Walikaa pamoja wiki tano, watu watatu chumba kimoja, mwana wa Verna akiwa ng'ambo kimasomo. Siku ya tisa au ya kumi Verna alikwenda kupanga foleni ya unga wa msaada Lans Nwè, na ndugu wawili wakabaki kwenye mafiga, wanapika shelisheli zilizoangushwa na upepo. Alcide alikuwa anachochea moto. Alisema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo yaliyokuwepo:

"Mimi nilikuwa na miaka thelathini na tano mwaka ule. Sikuwa mnywaji. Watu walikuwa wananipenda kweli. Ningeingia nikiwa vile, Zeno, ningefanya mambo. Nilipoingia nilikuwa nimeshachacha." Akasukuma kuni. "Nilikuwa nakuchukia. Sikufichi. Kila nikishona tundu la kifungo nilikuwa nakuona unapanda ule mlima."

"Mtoto angekufa, kaka."

"Najua. Nilijua siku ileile. Ndiyo maana nilishindwa kukutukana." Akamtazama. "Lakini ilikuwa moja tu, Zeno. Moja!"

Yalikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Maneno matano. Angeyasema, mzigo wa miaka kumi na minane ungemtoka mgongoni. Alimtazama kaka yake: shati la msaada lililomzidi, mikono ya fundi isiyo na kitambaa cha kushika, mtu ambaye kimbunga kilikuwa kimemwachia kitu kimoja tu cha zamani kisichovunjika, nacho ni mama yake. Ghafla alimwona jinsi atakavyopanda kaburini Jumapili ijayo akijua.

"Ndiyo," alisema. "Nilikukosea. Nisamehe, kaka."

Alcide aliweka chini kijiti. Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto, akaugeuza upande wa moshi.

"Haya," alisema. "Yamekwisha. Na mimi nilikuwa punda. Hiyo supu ina chumvi?"

"Onja mwenyewe. Umekatika mikono?"

Akaonja. "Haina."

"Basi tia."

*

Alcide alijenga upya, mbao kwa mbao, si kwenye kiwanja chake cha zamani bali nyuma ya nyumba ya dada yake, karibu kiasi cha kuombana moto bila kupaza sauti. Alipata cherehani nyingine, ya mkono. Pombe hakuiacha moja kwa moja, lakini aliipunguza, maana Zenobi alikuwa akiipata chupa anaitumia kusafishia vyombo vyake vya kazi.

Katika uchaguzi wa mwaka uliofuata hakukuwa na Toulon kwenye karatasi. Vijana wa Kofia walikuja kumwomba Alcide agombee, akakataa. Wakamgeukia Zenobi, wakamwambia nusu ya wapiga kura wote wa jimbo amewatoa tumboni kwa mikono yake, hawezi kushindwa. Zenobi alicheka hadi akashika mbavu. "Hao nimeshawaona uchi," alisema, "wataniogopa."

Siku yenyewe walishuka pamoja, kaka na dada, polepole, kwa sababu goti la Zenobi lilikuwa limeanza kumsumbua. Walipiga, wakachovya vidole, wakaanza kurudi. Jua lilikuwa limewaka na migomba mipya ilikuwa imefika kiunoni.

"Umempa nani?" aliuliza Alcide.

"Haikuhusu."

"Mimi ni mbunge mstaafu, nina haki ya kujua."

"Mbunge mstaafu, shika mkoba wangu."

Akaushika. Njia nzima walibishana kuhusu migomba, Alcide akidai imepandwa kwa karibu mno na itanyimana mwanga, Zenobi akisema mtu aliyeshinda miaka mitano garini Roseau ajifunze kwanza kushika jembe ndipo amfundishe yeye kulima. Hadi wanafika uani hawakuwa wamekubaliana, na Verna, aliyewasikia tangu kwenye kona, alikuwa ameshapakua chakula.